Pamba ya Shavuni

Tarehe 6 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Hujambo? Lile goti limeacha ukorofi? Mimi mzima, ila mikono imechubuka kwa sabuni ya mashuka ya hoteli.

Mama, kaa chini kwanza. Uhamiaji wa huku ugenini wamekubali nikudhamini uje tuishi pamoja! Mshahara wa udobi haukutosha, nikaongeza kazi ya jioni ya kusafisha ofisi, sasa wameridhika kwamba naweza kukulisha. Nimetia saini kuwa kwa miaka kumi hutalala njaa. Nilicheka peke yangu, maana wewe ulinilisha bila kutia saini popote.

Limebaki dogo tu. Cheti changu cha kuzaliwa kilitolewa nikiwa mkubwa, kwa hiyo hawakiamini. Utakwenda kwenye kliniki yao, wakusugue shavu kwa ndani kwa pamba, walinganishe na langu. Ni kipimo cha vinasaba, hakiumi. Kitanda chako nimeshanunua, kiko karibu na dirisha, na cherehani itaenea.

Mwanao


Tarehe 29 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti ni lilelile, tumeshazoeana.

Kipimo cha nini tena? Mtu mzima nipanue mdomo kama ng'ombe mnadani? Waambie wakusikilize unavyobisha, watajua umetoka kwangu. Halafu huu ni msimu wa sare za shule, nimezungukwa na kola. Waulize kama picha hazitoshi. Mama Mdogo wako anakusalimu, anauliza kama unakula.

Mama


Tarehe 20 Aprili

Mama,

Shikamoo. Picha hazitoshi. Wamekupa miadi mara mbili na hukutokea! Ukikosa ya tatu, faili linafungwa. Unaogopa nini, Mama? Nakuomba, kwa maziwa uliyoninyonyesha, nenda.

Mwambie Mama Mdogo nakula.

Mwanao


Tarehe 11 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Haya, shavu limesuguliwa. Usiniulize tena habari hiyo. Tandika kitanda.

Mama


Tarehe 2 Juni

Mama,

Shikamoo. Leo sijui hata nianze kuuliza afya ya nani.

Wameniita ofisini. Karani akasema kipimo hakina shaka, aliyesuguliwa shavu ni mama yangu mzazi. Nikaruka, nikamshika mkono! Akaniambia nikae. Kumbe pale kliniki humpiga mtu picha. Akaigeuza kompyuta nione picha hiyo kando ya ile ya pasipoti yako. Lahaula! Mama Mdogo, kajifunga kitambaa chako cha kichwa, anatazama kama mtu aliyekamatwa.

Nikasema wamekosea. Akasoma tena, polepole, kama anayesomea mtoto. Ombi limekataliwa kwa udanganyifu. Nilitoka bila koti, nikagundua niko barabarani mvua inaninyeshea. Utasamehe mwandiko.

Mama, mimi ni wa nani?

Mwanao


Tarehe 25 Juni

Mwanangu,

Mimi ni mzima. Nimepigwa na butwaa kama wewe, ila langu nimelitafuta mwenyewe.

Mdogo wangu alikuzaa akiwa bado msichana wa shule. Mimi nilikuwa na ndoa na tumbo lisiloshika. Nilikuchukua kitovu hakijakauka, tukakubaliana mdomo ufungwe, na tukaufunga vizuri mno. Uliponiapia maziwa nililia mpaka kola ya mtu ikalowa. Maziwa yangu hukuyapata, mwanangu. Nilikunywesha ya kopo, kwa kijiko.

Nikamwita mdogo wangu. Nikamwambia, wanataka damu, damu unayo wewe, mimi ninayo pasipoti, tukiziunganisha mtoto atafurahi. Tukajiona wajanja, maana tunafanana kama shilingi kwa ya pili. Hatukujua habari ya picha. Aliporudi alikaa ameshika shavu mpaka chai ikapoa.

Sasa umdhamini yeye. Makaratasi yanamtambua, na ni haki yake. Mimi goti langu lingesumbuka na baridi.

Aliyekulea


Tarehe 14 Septemba

Mama,

Shikamoo. Nimenyamaza muda wote huu kwa hasira, na hasira bado ninayo. Miaka yote Mama Mdogo ananiuliza kama nimekula, nami namjibu kwa mkato, nikidhani ni umbea! Mlinitazama nikifanya hivyo, wote wawili.

Nimemwandikia yeye barua yake. Nilimwambia nitamdhamini akitaka. Kanijibu kwamba hawezi kulala kwenye kitanda kilichonunuliwa kwa ajili ya dada yake.

Wakili anasema ipo njia ya mama mlezi. Ni ndefu, na kwa ule ujanja wenu wanaweza kukataa. Wanataka walimu na majirani waseme nani alinilea. Nimeanza upya, na kazi ya jioni sijaiacha.

Lakini barua yako ya mwisho nakurudishia humu ndani. Jina ulilotia pale chini silitambui. Sina mtu anayeitwa hivyo.

Mwanao


Tarehe 5 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba. Goti halijambo. Walimu wako wawili nimewapata, na jirani wa mlango wa pili amesema atasema mpaka wamnyamazishe.

Barua nakuletea tena. Nimeikata pale chini kwa mkasi wa kazi, nikashonea kipande kingine cha karatasi kwa cherehani. Mshono umekwenda upande, kwa sababu nilikuwa sioni vizuri kwa machozi. Mdogo wangu ndiye aliyenishikia karatasi isiteleze.

Mama