Nimefuta Sentensi ya Mke Wangu Mara Nne

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla ya Jumamosi, na tafadhali usinicheke mapema, maana mimi ni fundi umeme wa miaka hamsini na moja, nina kitambi na miwani ya kusomea, na kila Jumamosi mchana tunakusanyika sebuleni kwa rafiki yetu kinyozi kucheza mchezo wa kujifanya mashujaa, yeye anasimulia nchi aliyoitunga, sisi tunasema tunafanya nini, dadu zinaamua kama tumefaulu. Mimi ni askari, mke wangu ni mganga. Ili tusisahau yaliyotokea tuna kurasa za pamoja mtandaoni, kila mchezaji anaweza kuandika na kusahihisha, ila mwandishi mkuu ni mimi, nilijitolea mwenyewe, ndipo nilipojiharibia.

Mwezi uliopita, wenzetu wawili hawakuwepo, majitu yakavamia daraja la mji, dadu zikanikataa mara tatu, nikatimua mbio, nikatumbukia shimoni, na mganga akalizuia daraja peke yake, kisha akaja kunitoa na kunifunga mguu. Nilipokaa kuandika, mkono ukateleza: “Askari alilinda daraja hadi mwisho.” Kesho yake nikakuta chini yake: “Aliyebaki darajani ni mganga.” Nikaifuta, ikarudi, nikaifuta, mara nne sasa, na nyumbani hatujagusia neno, ni “nipe chumvi mume wangu”, “chukua mke wangu”, kisha kila mtu anainamia simu yake. Sasa kinyozi, ambaye kichwa chake ni chujio na huandaa mchezo kwa kusoma kurasa zangu, ametangaza kuwa Jumamosi hii mlinzi wa daraja atakabidhiwa ufunguo wa mji, kauchonga kabisa, wa mbao. Jana mke wangu akasema, “Nendeni tu, mimi nina nguo za kufua.” Miaka sita hajakosa hata mara moja! Nifanyeje?

Askari wa Shimoni

Ndugu yangu Askari,

Nimecheka, nisamehe. Mimi mwenyewe niliwahi kuandika kumbukumbu za kikao cha ukoo, nikajikuta nimesema maneno yote ya busara peke yangu.

Kukimbia majitu nakusamehe. Lakini mkeo kakubeba kutoka shimoni, nawe unamfuta? Aibu, mzee mzima! Tena kurasa za namna hiyo huhifadhi kila kilichofutwa, jina la aliyefuta na saa. Anajua ni wewe. Angetaka kukuumbua, angemwambia kinyozi siku ile ile. Anakusubiri.

Basi leo, kabla ya chakula, irudishe sentensi yake. Chini yake andika, kwa jina lako, ulivyokimbia, na shimo usiliache, ndilo tamu kuliko yote. Kisha weka simu chini umwombe radhi kwa mdomo. Usithubutu kusema “ulikuwa mchezo tu”. Ungekuwa mchezo tu usingefuta mara nne.

Ijumaa fua nguo zote, mwenyewe, na soksi zako humo humo. Jumamosi soma ukurasa kwa sauti kabla dadu hazijaguswa, wacheke washibe, kisha mwombe kinyozi huo ufunguo umkabidhi mkeo wewe.

Na uandishi mkuu mwachie yeye. Ukikuta sentensi usiyoipenda, mwambie wakati unampa chumvi.