Vigae Vipya Juu ya Vile vya Marehemu

Mpendwa mshauri,

Pole na kazi ya kusikiliza shida za watu. Naomba unisaidie, na tafadhali usinicheke, maana shida yangu mimi ni ukuta wa bafu. Mke wangu alifariki mwaka jana. Alikuwa fundi cherehani, na vigae vya bafuni mwetu alivichagua yeye, masalia ya dukani, kila kimoja na rangi yake, akavipanga kwanza sebuleni sakafuni kama vitambaa vya kuunga foronya, ndipo akaniita nibandike, yeye amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akinisimamia. "Hicho kimelewa, baba, kinyanyue." Nikinyanyua anasema, "Sasa umelewa wewe." Tulicheka mpaka saruji ikaanza kukauka kwenye karai. Kimoja cha kijani karibu na koki alikuwa na mazoea ya kukigonga kwa pete yake akisubiri ndoo ijae, nami nikiwa chumbani nikisikia ile ko, ko, ko, najua leo maji yanatoka.

Sasa vigae vimeanza kuachia. Viwili vimeanguka, kimoja kikapasukia ndani ya beseni, bahati nzuri lilikuwa tupu. Naishi na mwanangu wa kiume, mkewe na mtoto wao mchanga. Mwanangu anasema tubomoe vyote, mimi hata neno lenyewe siwezi kulisikia, lakini mkewe, ambaye ni mpole, aliniambia, "Baba, si tubandike vipya juu? Vya mama vitabaki mle mle ndani." Mshauri, nilitoka uani nikajifanya natafuta ufagio.

Nikaita fundi, akagonga ukuta kwa mpini wa nyundo, kigae kwa kigae, akasema, "Mzee, nusu nzima imeachia, unasikia inavyolia? Nikibandika juu nitakuwa nimekuongezea mzigo wa kuanguka." Nikampa chai, nikamshukuru, nikamwambia nitamwita. Sijamwita. Juzi nimempata mwingine, huyu hakugonga kitu, alichungulia tu mlangoni akasema, "Hakuna shida, mzee wangu, Jumatatu tunafunika." Moyo umempenda huyu wa pili, lakini usingizi sipati. Kuvifunika naona kama namzika mara ya pili, kuving'oa naona kama namfukuza nyumbani kwake. Hata bafu lenyewe limepoa, mkwe wangu siku hizi mtoto anamwogeshea jikoni, nadhani kule kuna joto zaidi. Nimwache huyu wa Jumatatu aje?

Ni mimi, mgane mwenye ukuta.

*

Baba mwenye ukuta,

Pole sana. Sikucheki. Kilichonichekesha ni ile "sasa umelewa wewe" tu, na nadhani marehemu angefurahi kusikia hivyo.

Lakini niruhusu nikugombeze kidogo. Mkweo hakufuata joto jikoni, baba. Anaogopa kigae kisimwangukie mtoto, na kwa heshima anayokupa hawezi kukwambia. Yeye ndiye aliyekutafutia njia ya kubaki na vigae vya mama, na yeye huyo huyo ndiye aliyehama na beseni kimya kimya. Hukuliona hilo kwa sababu macho yako yote yako ukutani.

Fundi wa kwanza alikwambia ukweli, ukampa chai ukamsahau. Wa pili amekwambia unachopenda kusikia. Kubandika vigae juu ya vingine si kosa. Watu wanafanya na vinadumu, ikiwa vya chini vimeshika barabara, vimesuguliwa, vimesafishwa, na gundi ni ile ya kazi hiyo. Lakini kigae kipya kinakuwa kimeshikilia cha zamani, si ukuta. Cha zamani kikiachia, vinashuka vyote viwili. Ukifunika ukuta wako ulivyo, utakuja kuokota vipande, vipya na vya mkeo pamoja.

Jumatatu asije mtu. Mpigie fundi wa kwanza leo, umwombe radhi. Vinavyolia avitoe kwa tindo taratibu, na habari njema ni kwamba vilivyokwisha kuachia ndivyo vinavyotoka vizima, kwa hiyo mtandikie shuka kuukuu avilaze hapo. Vilivyoshika avisugue vibaki. Palipobaki wazi apige plasta mpaka pawe sawa, kisha abandike vipya ukuta wote. Vingine vya mkeo utavishika mkononi, vingine vitabaki mle mle ndani. Na mpaka kazi iishe, asiingie mtoto humo.

Unasema utakuwa unamfukuza. Baba yangu, mama yule alipanga vigae ili watu wake waoge mahali pazuri, na sasa mjukuu wake anaogea kando ya sufuria.

Siku ya kazi usikimbilie matembezini. Kaa na mkweo, umsimulie mlivyovibandika, maana hakuwepo. Na rangi ya vigae vipya usiichague wewe. Mwachie yeye achague. Ndiye atakayeogesha watoto humo.