Taa ya Mama Mkwe Wangu Inatuchoma Macho, Nitamwambiaje?

Mama Kahiga, habari ya huko. Mimi husoma ukurasa wako nikiwa nimesimama jikoni nikingoja chai ichemke, na sikuwahi kufikiria kwamba siku moja mimi ndiye nitakuandikia, lakini hili jambo limenishinda na Alhamisi inakuja mbio, kwa hivyo nijibu tafadhali, hata kama ni kwa kunigombeza.

Naitwa Dorine, naishi Kimbo na mume wangu Eddie, na nafanya kazi Thika kwenye maabara ya kuzalisha miche ya ndizi. Si ya shambani, ni ya ndani ya chupa. Tunachukua kipande kidogo cha mgomba, tunakikata kwa kisu kilichopitishwa motoni, tunakipanda kwenye jeli, na baada ya muda kipande kimoja kimezaa miche mingi isiyo na ugonjwa wowote. Kazi hii naipenda, sitakudanganya, nikipita mahali nione mgomba umebeba mkungu mzito mpaka umewekewa mti wa kuushikilia, najiambia pengine huyu alipita mikononi mwangu, na siku hiyo natembea kifua mbele mpaka jioni.

Msimamizi wa chumba chetu cha kukatia anaitwa Wamboi, na huyo Wamboi ndiye mamake Eddie, namwita Maitu, yaani mama kwa Kikuyu, vile Eddie anamwita. Mama Kahiga, huyu mama si mama mkwe wa kusimuliwa vibaya gazetini. Wakati mashangazi wa Eddie walinuna kwamba kijana wao anaoa mtu wa kutoka upande wa ziwa, si wa kabila lao, ni yeye alisimama mbele ya watu wote akasema, "Huyu ni wangu, mwenye shida naye aniletee mimi," na maneno yakaishia hapo hapo. Hata kazi hii ni yeye alinifundisha, alinishika mkono nikiwa na kisu mpaka nikajua kukata mwenyewe. Ndiyo maana naona aibu hata kuandika hii barua.

Sasa shida ni hii. Sisi hukatia ndani ya kabati lenye kioo mbele, na juu ndani ya hilo kabati kuna taa ya mwanga wa buluu ya kuua viini. Zamani ilikuwa inawashwa asubuhi kabla hatujaingia, halafu mtu akikaa kukata inazimwa. Kisha ukaja msimu ambao ukungu ulituvamia, unaacha chupa ikiwa safi ukirudi unapata imejaa pamba nyeupe, tukatupa miche mpaka tukalia, na wakubwa wakaanza kusema chumba kifungwe. Maitu alikasirika sijawahi kuona. Akaleta sheria ya kunawa mpaka viwiko, simu zikabaki nje, kila mtu akafunga nywele upya, akapigana na ofisi mpaka chujio la hewa la zamani likatolewa likawekwa jipya, akawa anasimama nyuma ya kila mmoja wetu kuhakikisha kisu kimepita motoni kabla ya kugusa mche, na juu ya hayo yote akasema ile taa isizimwe tena, iwake hata tukiwa tunakata na kioo kiko juu. Ukungu ukaisha, Mama Kahiga, ukaisha kabisa. Tangu hapo tunasema ni Taa ya Maitu iliyotuokoa, na chumba chetu kinasifiwa kwa usafi kila mahali.

Lakini jioni macho yanawasha kama yamejaa mchanga, yanatoa machozi, hata balbu ya nyumbani huwezi kuiangalia, kisha baada ya siku moja au mbili yanatulia. Shingo na vifundo vya mikono vinakuwa vyekundu halafu vinaambuka. Sisi tumeyapa jina, tunayaita macho ya kazi. Msichana mpya hahesabiwi mmoja wetu mpaka ayapate, na ile asubuhi akiingia yakiwa mekundu tunampigia makofi, tunamwimbia, na Maitu anamkatia keki. Hata mimi niliimbiwa na niliona fahari.

Juzi kulikuwa na oda kubwa, nikakata siku kadhaa mfululizo, na mara hii macho yakakataa kupona. Nikaenda kliniki ya macho. Daktari akayaangalia na mashine yake, akaniuliza, "Wewe ni fundi wa kuchomelea mageti?" Nikacheka, nikamwambia mimi ni mtu wa ndizi. Yeye hakucheka. Nilipomweleza kuhusu ile taa akaweka kalamu chini. Akasema huo mwanga ni mionzi, ila si kama eksirei inayopenya mpaka mfupa, huu unaishia juu juu, lakini hapo juu ndipo jicho na ngozi zilipo na ndipo unachoma. Akasema yale ya jioni hupona, ila mtu akichomwa hivyo mwaka baada ya mwaka anaweza kupata mtoto wa jicho mapema. Kisha akaniuliza ni nani amekaa chini ya hiyo taa kuliko wengine, na jibu ni Maitu. Jumapili nilimwona akichambua maharagwe kwa kuyapapasa, haangalii, vidole ndivyo vinatafuta mawe. Anasema ni uzee.

Na Alhamisi kuna wageni wanakuja kutoka maabara zingine kujifunza njia yetu. Maitu ameshona suti. Amefanya mazoezi ya kuongea mbele yetu, na jambo la kwanza atakalowafundisha ni kwamba taa isizimwe.

Nilijaribu kuzima ya kwangu kimya kimya. Akanyoosha mkono juu ya bega langu akaiwasha tena, akasema wote wakisikia, "Dorine, hapa hatuogopi mwanga." Wakacheka, na mimi nikacheka nao. Nikamwambia Eddie, naye akasema, "Unataka kumwambia Maitu taa yake ni mbaya? Ngoja basi wageni waende."

Kwa hivyo nifanye nini, Mama Kahiga? Ningoje wageni waende? Niandikie wakubwa bila kuweka jina? Niache kazi nitafute ingine nibaki na mama mkwe wangu? Nikisema, nitakuwa nimemvua kitu anachojivunia kuliko vyote mbele ya wasichana aliowafundisha. Nikinyamaza, ni macho yake. Aki nampenda yule mama.

Dorine, Kimbo

*

MAMA KAHIGA ANAJIBU

Dorine binti yangu, haiya! Mnampigia mtu makofi kwa sababu amechomwa macho? Na keki mnakata? Fundi wa mageti hapo Kimbo, ambaye hajawahi kukanyaga maabara, akishika ile mashine yake anavaa kinga ya uso, na mtoto akisimama kutazama anamfukuza kwa kelele. Nyinyi mnaopika jeli na kuzalisha migomba ndani ya chupa ndio mnakaa uso kwa uso na mwanga unaoua viini, halafu mnashangaa kwamba hauchagui kati ya kiini na jicho. Najua kwa nini. Mtu akisikia mionzi anafikiria eksirei, mlango mzito na kibao cha hatari. Taa ya buluu inapendeza, haina joto, haina kelele, hata kuuma inangoja ufike nyumbani. Ndiyo maana mkaidharau.

Haya, nimemaliza kugombeza kwanza. Sasa pole mama, pole sana, kwa sababu naona unavyomheshimu huyo mama na naona ulivyobanwa. Mimi pia ningempenda mama mkwe wa aina hiyo. Lakini chukua barua yako uisome tena polepole, kwa maana jibu umeliandika mwenyewe ukalipita mbio. Uliniambia msimu ule wa ukungu alileta sheria ya kunawa mpaka viwiko. Alitoa simu. Alifunga watu nywele. Alipigania chujio jipya la hewa akalipata. Alisimama nyuma ya kila mtu mpaka kila kisu kikapita motoni. Halafu mwisho kabisa akasema taa isizimwe, na ukungu ulipoisha, sifa zote mkapatia taa! Dorine, jamani, taa ilikuwepo hata ukungu ulipowavamia. Kilichokuwa kipya ni ukali wa Wamboi. Mimi si mtu wa maabara, lakini nimelea watoto na nimeendesha jikoni, na najua usafi unatoka kwa mtu asiyechoka kuangalia.

Kwa hivyo hilo la kumvua fahari yake litoe kichwani. Hiyo fahari mmeitundika mahali si pake, na wewe unaenda kumrudishia.

Usingoje Alhamisi ipite. Eddie nampa pole, ni mtoto wa mama yake, lakini ushauri wake ni wa mtu anayeogopa kugombezwa. Hao wageni wakirudi kwao na hilo somo, macho ya watu usiowajua yataanza kuchomwa, na siku Maitu atakapojua ukweli atakuuliza kwa nini ulimwacha asimame mbele ya watu na suti yake aseme vile. Hapo utajibu nini? Ile barua ya kuficha jina kwa wakubwa pia achana nayo. Alikuita wake mbele ya mashangazi akiwa amesimama, huwezi kumrudishia kwa karatasi ya kichochoro. Na kuacha kazi ni kutoroka tu, kwa sababu utakuwa salama huku wao wakibaki chini ya hiyo taa.

Nenda kwake leo jioni, peke yako, si kazini na si mbele ya wasichana. Mwambie uliyoambiwa na daktari, na yule fundi wa mageti usimwache nje. Usiseme "umetuumiza." Sema, "Maitu, nimeenda kliniki nikaambiwa ni taa, na nimefikiria, nimeona chupa zetu ni safi kwa sababu yako, si kwa sababu ya taa. Tuizime tukiwa tunakata, uone." Kisha mwombe mwende kliniki pamoja kabla ya Alhamisi. Mwambie umeona yale maharagwe. Huko kuyapapasa kunaweza kuwa ni taa, kunaweza kuwa ni miaka, wala wewe wala mimi hatuna macho ya kujua, daktari ndiye atasema.

Kuanzia kesho asubuhi, wewe hukati chini ya taa inayowaka, na mkono ukinyooshwa tena juu ya bega lako, simama utoke kwenye kiti. Usicheke na wao. Taa iendelee na kazi yake ya zamani, iwake kabla mtu hajaingia, kioo kikiwa chini, chumba kikiwa kitupu. Mtafute fundi wa stima aifunge kwa namna ambayo kioo kikiinuliwa tu inajizima, ili isitegemee kumbukumbu ya mtu aliyechoka. Ubandikwe mlangoni ujumbe ambao hata mgeni ataelewa. Anayeisafisha au kuibadilisha avae ngao ya uso ya kazi hiyo, glavu na mikono mirefu ya kufunika vifundo, na si zile miwani nyeusi za kwenda nazo harusini. Ofisi ikigoma, kuna kamati ya usalama kazini, na kama haipo, hilo lenyewe ni kosa la kupelekwa kwa maafisa wa serikali wa usalama wa kazi. Hapo utaweka jina lako waziwazi, na la Maitu kando yake kama amekubali.

Nami naamini atakubali, kwa sababu mwanamke aliyeweza kusema mbele ya ukoo mzima kwamba wewe ni wake hashindwi kusema mbele ya wageni, "Hapa tulikosea, tukarekebisha, na chupa zetu bado ni safi." Hilo ndilo somo wanalofaa kurudi nalo kwao. Nilivyosoma habari ya wanawake walioambiwa chumba chao kifungwe wakakataa, nilijivunia kana kwamba nami nafanya kazi hapo. Sitaki fahari hiyo iwagharimu macho.

Na kama hatakubali leo? Atakasirika, ndiyo. Pengine atakununia mpaka Jumapili, chai atakupakulia bila neno. Vumilia, mama, kaa hapo unywe. Afadhali mama mkwe aliyekasirika anayekuona tangu langoni na kugeuza uso, kuliko mpole anayekusikia umeingia na kuuliza ni nani huyo.