Kwa Kiprop, Mwita Mbweha

Kaka yangu Kiprop,

Ukiuona mwandiko huu usishtuke ukadhani nimekuletea habari za msiba. Niko mzima. Nauza vitunguu na nyanya pale soko la Nakasero, na kichwa changu bado ni kile kile ulichokuwa ukisema kinahitaji kofia mbili. Barua hii nimempa dereva wa lori anayepita Kitale, na bahasha sikuibandika. Nimeiacha wazi kwa makusudi, ili mkeo Mama Chebet akusomee kwa sauti mkiwa mezani na watoto wakisikia. Kuna jambo nimekuficha miaka sita, na sitaki tena liwe siri ya mtu yeyote.

Ni Mama Chebet aliyenipigia simu Jumapili. "Shemeji," aliniambia, "mbweha wanatumaliza huku. Wameshabeba wana-mbuzi watatu. Nimemwomba Baba Chebet awaite vile alikuwa anawaita huko Kampala, lakini anatoka nje, anasimama tu, halafu anarudi kulala. Anasema huo mdomo wake ulishaua vya kutosha. Hata mbwa hataki tufuge. Wewe ulikaa naye, hebu niambie, ni nini kilimpata?"

Nikamwambia sijui. Ndiyo, Kiprop, nilimwambia hivyo, na siku nzima nikawa napima vitunguu ovyo, mama mmoja akaondoka na kilo mbili badala ya moja na sikumwita. Najua vizuri kilichokupata. Nilikuwa nimekaa nyuma yako kilipokupata.

Lakini niache kwanza nikukumbushe yale mazuri, maana nimekukumbuka mno wiki hii.

Unakumbuka tulivyokutana? Nilikuwa na miezi mitatu tangu nitoke Butembo. Nilikuwa nalala Bwaise, kwenye kile chumba ambacho mvua ikinyesha tunapandisha magodoro juu ya meza na sisi wenyewe juu ya magodoro. Asubuhi moja nilipanda hadi Lubaga, nikasimama nje ya kanisa kuu na kuomba kazi kwa kila aliyetoka misani. Watu walinipita. Wewe ukasimama, mrefu kama mlingoti wa bendera, ukanitazama viatu, kisha ukauliza, "Unaogopa giza?"

"Mie natoka Kongo, kaka," nikakujibu. "Giza itaniogopesha na nini tena?"

Ulicheka mpaka watu wakageuka, na jioni hiyo hiyo ukanipeleka kwa Mama Nakato. Yule mjane alikuwa na mabanda yake ya kuku na mbuzi kule chini, mahali mji ulipokuwa ukiishia kwenye bonde la mafunjo. Wewe ulikuwa mlinzi wake wa usiku na ulimwambia unahitaji mwenzako. Akanitazama kutoka juu hadi chini, gauni lake la gomesi limemkaa kama la siku ya harusi, akasema, "Kale, akae. Lakini nyinyi bassebo mimi nawaambia, kuku yangu nakwisha! Ile kibe nakula haraka haraka. Mimi nataka kuona mukia ya kibe, si kuona nyinyi nakunywa chai yangu."

Kibe ndilo jina Waganda wanalompa mbweha. Mimi nilidhani kazi ni kukaa na rungu karibu na mabanda tukisubiri waje. Wewe ulikuwa na njia ya kwenu. Ulisema mbweha hafuatwi, anaitwa.

Sijawahi kuona kitu kama kile. Ulikuwa ukiweka midomo kwenye mgongo wa mkono wako, hapa kati ya kidole gumba na cha shahada, ukifyonza kidogo kidogo, na kilichotoka hapo kilikuwa kilio cha sungura aliyenaswa. Mara ya kwanza niliposikia nywele zilinisimama. Kisha ukanifundisha kukaa. Chini, kwenye nyasi, mgongo wako kwenye mgongo wangu, ili giza lote liwe na macho. Wewe na upinde na mkono wako mdomoni, mimi na tochi tuliyoifunga kipande chekundu cha gomesi kuukuu ya Mama Nakato. Kuongea marufuku. Nikiona macho, nikusukume kwa mgongo mara moja, nawe ungegeuka polepole. Nikiwa na hakika, nisukume mara mbili, uachie mshale.

"Bila hakika usisukume," ulisema. "Mimi nikiita siwezi kuona vizuri, akili yote iko mdomoni. Macho yangu ni wewe."

Ukaniita Mgongo tangu siku hiyo. Hata Mama Nakato akaanza: "Mugongo, njoo kula."

Na ulinifundisha kusoma macho. Mbweha haji moja kwa moja, ulisema. Anasimama, anazima, anatokea upande mwingine, anatafuta upepo. Huwa na mashaka na chakula chake kama mtu aliyewahi kutapeliwa. Usiku wa yule mkubwa wa kwanza nilihesabu macho yake yakitokea sehemu nne tofauti, na mgongo wangu ukawa umelowa jasho na wako umekauka kabisa. Nilipokusukuma mara mbili hata sikusikia mshale. Nilisikia tu unasema, "Aya, Mgongo. Kesho tunakula nyama ya kuku." Na kweli Mama Nakato alichinja jogoo, akaupokea ule mkia kwa mikono miwili na kuutundika juu ya mlango wa stoo.

Halafu unakumbuka nilivyojaribu kuita mimi? Nilifyonza mkono mpaka ukavimba. Akatokea mlinzi wa jirani mbio mbio na panga, akidhani kuna mtoto anakabwa. Ulilala chini kwa kucheka. Ukasema nikiita mimi, hata mbweha mwenye njaa ya wiki ataenda kutubu.

Sasa nije kwa Waziri.

Wasomewe watoto pia hapa, maana hawakumjua. Waziri alikuwa mbwa wa baba yao, wa rangi ya mchanga, sikio moja limelala. Baba yao alimwokota kwenye mtaro akiwa hajafumbua macho, akamlea kwa maziwa ya mbuzi, na akampa jina hilo kwa sababu alikuwa anakula vizuri na kusinzia wengine wakifanya kazi. Na sauti aliyomwitia maziwa, tangu akiwa mdogo wa kutosha kiganjani, ilikuwa ile ile ya mkono na midomo. Kwa mbweha ilikuwa kilio cha sungura. Kwa Waziri ilikuwa chakula na baba yake. Ndiyo maana kila usiku wa kuwinda, Kiprop, ulimfunga wewe mwenyewe kwenye nguzo ya tangi la maji, kwa fundo lako lile la kufungia ndama, na ukalivuta mara tatu kabla hujaondoka.

Usiku ule ulimfunga hivyo hivyo. Halafu manyunyu yakaanza. Ukatazama juu ukasema, "Leo tunalala, Mgongo," ukaingia kibandani kuchemsha chai. Mimi nikapita pale tangini kuchukua tochi, nikamkuta Waziri analowa, anatetemeka, ananitazama kwa lile jicho lake la kuomba. Nikamwonea huruma. Nikalifungua fundo lako, nikamhamishia chini ya paa la stoo, nikamfunga kwenye mlango.

Nilimfunga fundo la gunia. Nilikulia kwenye magunia ya maharage ya baba yangu, Kiprop, na vidole vyangu fundo lingine havikulijua. Ni lile la kuvuta ncha moja na gunia likafunguka. Halikukusudiwa kufunga kitu chenye miguu.

Nusu saa baadaye mvua ikakatika na mwezi ukatoka. Ukasema twende. Nikataka kukwambia nimemhamisha mbwa, kisha nikaona ni jambo dogo, yuko salama, yuko pakavu. Tukaenda.

Unakumbuka hali yetu wiki zile. Siku ishirini bila mkia hata mmoja, na kuku wanaendelea kuibwa. Mama Nakato alikuwa ameshatwambia Jumamosi ataleta walinzi wengine, wenye bunduki. Wewe ulikuwa na kwenu pa kurudi. Mimi nilikuwa na Bwaise.

Ukaita. Uliita vizuri kuliko siku zote. Nikazungusha tochi polepole, na macho yakatokea upande wa mabanda. Nikakusukuma mara moja. Ukageuka.

Hapa ndipo unisikilize vizuri. Yale macho hayakusimama. Hayakuzima. Yalikuja moja kwa moja, yakirukaruka, kama mtu anayekimbilia nyumbani. Nikasikia na kitu kinaburuzika kwenye nyasi. Sikujua kwa hakika, lakini nilishuku. Neno "ngoja" lilifika kwenye ulimi wangu, nalihisi mpaka leo. Nikafikiria Jumamosi, nikafikiria magodoro juu ya meza, na nikajiambia labda ni mbweha mwenye njaa sana.

Nikakusukuma mara mbili.

Alilia mara moja tu, na wewe ulimjua kabla sijamjua mimi. Ulikimbia bila tochi. Nilipokufikia ulikuwa umepiga magoti, kichwa chake kwenye mapaja yako, na ulikuwa unapapasa ile kamba shingoni mwake mpaka mwisho wake, ukitafuta pa kulaumu. Ukaniambia nimulike. Nikamulika. Ukasema, "Haikukatika. Hakuitafuna. Fundo langu, Mgongo. Fundo langu limefunguka, halafu mdomo wangu ukamwita."

Na mimi niliyelifunga lile fundo nilisimama pale nikikumulikia vizuri uone.

Tulimzika alfajiri kando ya tangi. Mama Nakato alikuja amejifunga leso kichwani, akalia kuliko sisi. "Bambi, maskini Waziri wangu," alisema, "kumbe nakula chakula yangu bure kumbe napenda yeye." Hakutufukuza. Aliona aibu kutufukuza siku ile, na Jumamosi ikapita, na nyingine. Kwa hiyo nilibaki na kazi, Kiprop. Wewe ndiye uliyepoteza. Hukuita tena. Ulikaa usiku na rungu karibu na mabanda kama mlinzi yeyote, na nilipokaa nyuma yako ulisogea. Miezi minne baadaye ukaniambia unarudi Kitale, mama yako amezeeka. Ulinishika mkono kituoni ukasema, "Mgongo, samahani kwa yale." Ukaniomba msamaha! Nami nikasema, "Hakuna shida, kaka."

Nimejaribu kujieleza kwa nini sikusema. Mwanzoni niliogopa utanipiga. Baadaye niliogopa utaacha kuniita Mgongo, na mji mzima huu hakuna mwingine aliyekuwa na jina la kuniita. Kisha ukaondoka, na ikawa rahisi kujiambia umesahau. Nilifikiri wewe huna shida, una mke, una shamba. Sikujua kama umekaa miaka sita ukiuogopa mdomo wako.

Bonde lile halipo siku hizi. Wamemwaga udongo juu ya mafunjo, wamejenga maghala na nyumba za kupangisha, na Mama Nakato aliuza akahamia kwa binti yake. Nilipita mwezi uliopita kutazama. Pale tulipokuwa tukikaa ni maegesho ya malori. Tangi bado lipo. Nilisimama kando yake, nikaweka midomo mkononi, nikajaribu. Bado siwezi. Mbwa wawili wa mtaani waliinua vichwa, wakanitazama, wakalala tena. Nililia pale mpaka dereva mmoja akaniuliza kama nimeibiwa simu.

Basi Mama Chebet, jibu lako ndilo hilo. Ulichoniuliza nilikijua. Mumeo hakukosea fundo. Fundo lake lilikuwa zima, na mtu mwingine alilifungua kwa huruma ya kijinga. Na mdomo wake haukuua kitu. Ulimwita mbwa aliyempenda, naye akaja kwa furaha. Aliyeua ni huyu anayeandika, kwa sababu aliona akanyamaza.

Kiprop, sitakuomba unisamehe kwa barua. Ukitaka kunitukana, namba yangu Mama Chebet anayo. Ukinyamaza pia nitaelewa, nimenyamaza mimi muda mrefu zaidi. Lakini wana-mbuzi wa watoto wako hawana kosa. Mbweha wakirudi, toka nje, kaa kwenye nyasi, weka mkono mdomoni uite kama ulivyokuwa ukiita. Najua utahisi baridi mgongoni.

Na kama siku moja utaniruhusu, kufunga kibanda sokoni si kazi, nitapanda basi la usiku nije na tochi yangu. Bado ina kile kitambaa chekundu. Nitakaa nyuma yako kama zamani, sitasema kitu. Ila yakitokea macho yanayokuja moja kwa moja, yakirukaruka, safari hii nitafungua mdomo hata kama mbweha wote wa Kitale watakimbia. Nitasema ngoja.

Ni mimi niliyekuwa mgongo wako,

Bahati