Mkalimani Anaomba Kusema

Jumatatu, 3 Machi

Kifungo cha shati la kijivu kimeruka asubuhi, kikagonga kikombe. Nimecheka. Kisha kicheko kikakatika chenyewe.

Ofisi ya wakalimani imepiga simu. Kuna mama wa lugha yetu, keshokutwa, hospitali kuu, kliniki ya upasuaji wa tumbo wa kupunguza unene. Kliniki ileile! Ndiko walikonikata tumbo miaka tisa iliyopita, wakaniachia kifuko cha ukubwa wa yai. Nilipungua mpaka watu wakapishana nami njiani bila kunijua. Mwaka wa nne uzito ulianza kurudi, taratibu, kama mgeni anayejua mlango wa nyuma. Tangu hapo sijakanyaga pale. Simu zao nikaacha kupokea.

Ningeweza kukataa. Nimesema nitakwenda. Nimeishi ugenini zaidi ya nusu ya umri wangu kwa kuwasemea wengine. Kazi sikatai hivi hivi. Ndiyo sababu niliyojipa, na haitoshi.

Naandika huku nadonoa biskuti. Nyama hukwama. Biskuti iliyochovywa kwenye chai huteleza, haibishi hodi.

Jumatano, 5 Machi

Sijui nianzie wapi.

Yule mama ni mfuaji wa mashuka hotelini, anasimama kutwa nzima. Magoti yamekwisha. Wamemwambia magoti hayafanyiwi kitu mpaka apungue, na hotelini wamemwambia asiyeweza kusimama apishe wengine. Akaniamkia kwa lugha ya nyumbani: "Shikamoo baba. Mwambie mapema, mimi nimekuja kukataa. Kukatwa tumbo zima! Mimi si kitambaa."

Nikatafsiri. Daktari akainua macho — ni yeye aliyenipasua, amejaa mvi — akanitambua. Akafurahi mno! Akanishika mkono. Nilikuwa sijavua koti, na chumba kina joto la kuoteshea mbegu. Akamgeukia mama, akaninyooshea kidole, akasema lake.

Kanuni ya kazi yetu ni moja: sema kilichosemwa, usizidishe, usipunguze. Nimeilinda maisha yangu yote, nikaringa nayo. Basi nikasema, kwa sauti yangu iliyonyooka: "Daktari anasema, mtazame bwana huyu. Nilimfanyia mimi. Miaka tisa, na hakuna kilo iliyorudi."

Mama akanitazama. Kuanzia kichwani, polepole, akafika kwenye koti, akapumzika hapo.

"Kumbe inawezekana," akasema. "Hongera, baba."

Na hilo nikalitafsiri. Akakubali. Wamempa tarehe.

Alhamisi, 6 Machi

Binti yangu kapita jioni. "Baba, koti ndani ya nyumba? Unasubiri treni?"

Nikamwambia nasikia baridi. Hakubisha. Baada ya upasuaji yeye ndiye aliyenisagia supu na kuichuja, akininywesha kwa kijiko cha chai, akihesabu mafunda yangu kama ya mtoto mchanga.

Alipoondoka nikafungua mashati mawili aliyoniletea. Lebo za saizi zimekatwa, safi kabisa, kwa mkasi. Nikaenda kabatini kuangalia yale ya mwaka jana. Lebo zake nazo zimekatwa.

Anajua. Miaka yote hii anajua, na anakata lebo.

Jumapili, 9 Machi

Nimekutana na mama dukani! Kwenye rafu ya vitamu, pa kukutania kweli. Kikapu changu: pakiti za biskuti, kopo la maziwa mazito, aiskrimu.

"Za wajukuu hizo, baba?"

"Za wajukuu."

Sina mjukuu hata mmoja.

Akanisindikiza hadi nje akichechemea. Amewaambia wote kwao kwamba shaka imemwisha: amemwona kwa macho yake mzee wa kwetu, kapona, kadumu. Dada yake alikuwa akipinga, sasa kanyamaza. "Wewe ndiye umenitoa hofu."

Nimekula aiskrimu kwenye ngazi kabla ya kufika mlangoni kwangu. Kwa kifuniko. Mtu wa umri wangu, aliyesoma vitabu vya lugha tatu, anakula kwa kifuniko.

Niwe mkweli basi, angalau hapa. Siujutii ule upasuaji. Sukari ilishuka, nikafunga kamba za viatu vyangu mwenyewe, nikapanda kilima cha maktaba bila kusimama. Ninachojutia ni kile nilichofanya mshale wa mizani ulipogeuka. Nilijificha. Nilidhani uzito ukirudi ni mtu ameshindwa, na aliyeshindwa hana uso wa kurudi kwa daktari. Labda wangenisaidia mapema. Mama naye akianza kupanda ataniwaza mimi, mzee ambaye hakurudisha hata kilo, atajiona mjinga peke yake duniani. Atajificha kama mimi.

Jumanne, 11 Machi

Nimepiga simu ofisini: nitoeni. Wamesema hakuna mwingine wa lugha yetu mwezi huu. Nikijitoa, mama anaahirishwa.

Nikampigia binti. Nikamweleza yote, hata biskuti. Kisha: "Baba, na yeye daktari mbona hakukupandisha kwenye mizani?" Nikasema alikuwa na furaha mno. "Basi onaneni wewe na daktari mlivyo," akasema, na sauti yake haikuwa ya utani.

Alhamisi, 13 Machi

Naandika kwenye korido ya kliniki.

Ilikuwa miadi ya mwisho kabla ya upasuaji. Daktari akauliza kama mama ana swali. Analo. Akamwuliza yeye, lakini akanitazama mimi: "Uzito ukirudi, mtu afanye nini?"

Nikatafsiri. Daktari akacheka kidogo: ukifuata maelekezo haurudi, mwulize bwana huyu.

Katika kazi yetu, anayetaka kusema lake hujitaja kama mtu mwingine, ili maneno yasichanganyike. Sikuwahi kuitumia nafasi hiyo. Nikasema kwa lugha zote mbili: "Mkalimani anaomba kusema. Mkalimani amerudisha karibu kilo zote. Sukari pia imerudi. Aliona haya, akaacha kuja."

Daktari akavua miwani. Akaanza sentensi, akaiacha. Sikuwa na cha kutafsiri.

Mama akaninyooshea kidole. "Nilijua. Wajukuu gani wanaoishi kwa aiskrimu?" Nilitaka ardhi inimeze. Muuguzi akaja kumchukua kwenda kutolewa damu. Mlangoni akageuka: "Daktari simwulizi tena. Nakuuliza wewe, baba. Ungerudi nyuma, ungefanya? Nikitoka huko unipe jibu, na usinisitiri."

Daktari akaniomba nisubiri nje. Sijui ananitafutia adhabu au maneno.

Kwa hiyo niko hapa, nalitafuta jibu. Ndiyo — lakini si peke yangu. Ndiyo, lakini ukipanda, njoo. Ndiyo, lakini... Je, neno la mtu aliyejificha miaka mitano lina uzito gani kwa magoti ya mwenzake?

Mlango wa chumba cha kutolea damu umefunguka. Mama anatoka, amebana pamba mkononi, ananitafuta kwa macho. Na upande wa pili muuguzi wa mizani amesimama, anaita. Hajaita "mkalimani." Ameita jina langu kamili, kama mgonjwa wake. Wote wawili wananisubiri, na mimi bado nimeshika kalamu. Naiweka chini, navua koti.