Kabla Aabo Hajaahidi Ngamia Mwingine

Guleid,

Nimeenda benki. Dawa ya Aabo ni baada ya kula, si kabla. Simu yake nimeificha kwenye debe la mchele, ~~akililia sana mpe dakika~~ hapana, usimpe kabisa.

Na mlango ufunge! Asubuhi uliuacha wazi, akaingia yule mzee wa Modogashe na wenzake, eti mchango wa ukoo. Mwezi huu ameshachukua mara mbili, kwa msiba uleule. Aabo hakumbuki kwamba alitoa, anachokumbuka ni kwamba mwanamume hakatai mchango. Basi akawaahidi ngamia wa maziwa. Ngamia wa mwisho, Guleid! Maziwa yake ndiyo yanayolipia dawa.

Ikabidi nitoe ile hati ya wakili, niwaambie mali ya Aabo nasimamia mimi na ngamia hatoki. Wakakohoa, wakaondoka bila kumaliza chai. Kesho utasikia sokoni kwamba binti kamfunga babake mikono. Sawa. Wewe uliyekataa kutia sahihi ukaniachia mimi, uwajibu.

Chai iko kwenye chupa. Mtilie sukari kidogo tu.

Akikuuliza yule mwanamke wa asubuhi alikuwa nani, usicheke. Alidhani mimi ni karani wa benki. Walipotoka akaninong'oneza niondoke upesi, kwa sababu binti yake Amino akirudi nitakiona: "Yule hakubali mtu aniaibishe mbele ya wageni."

Dadako,
Amino