Usiku Uliomo Ndani ya Kopo

Mama,

Shikamoo. Uniwie radhi. Nimelifungua kopo.

Tangu tulipokuzika nimelificha chini ya kitanda, lile kopo la maziwa ya unga ulilolipaka rangi nyeusi ndani na kulitoboa kwa ncha ya sindano, ukasema mwalimu mstaafu wa fizikia hahitaji kamera ya dukani. Matangani mama mdogo Zuwena alitaka kulifungua atie sukari. Nilimpigia kelele mbele ya watu, Mama, mimi! Wakasema msiba umenipanda kichwani. Ningewaelezaje kwamba mle mna karatasi ya picha, na mwanga ukiingia tu, usiku wetu umekwenda?

Ulikuwa ndiyo kwanza umetoka hospitali. Miaka yote ulikataa kupigwa picha, safari hii ukakubali kwa masharti: uani kwetu, kichwa wazi, na karatasi isisafishwe na mwanamme asiye maharimu yako, asiyeruhusiwa kukuona kichwa wazi. Tukaliweka kopo juu ya pipa la maji, tukawasha taa, nikabandua utepe kwenye tundu, tukakaa mkekani mbele yake. Ulisema tundu dogo kama lile usiku litataka kuachwa wazi mpaka alfajiri. "Na utulie, mwanangu. Mtu akitikisika haonekani."

Mimi nilitakiwa kukesha nikuangalie. Nikalala. Nililala ubavuni mwako kama mtoto mchanga, mpaka adhana, nawe ukaniambia, "Haya, ziba tundu, kushakucha." Siku ya pili yake ukafariki.

Basi tangu hapo sina raha. Huenda uliniita usiku ule nisisikie. Huenda maumivu yalikushika, ukajikunja peke yako, ukanionea huruma kuniamsha. Jibu lilikuwa ndani ya kopo, na mimi nikawa naliogopa kuliko nilivyowahi kukuogopa wewe na fimbo yako.

Jana nikajifungia bafuni na taa yako nyekundu isiyoharibu karatasi. Dawa ya kusafishia ilibaki ya karatasi moja tu. Nilikuwa nahesabu dakika kwa sauti, nikapotea, nikaendelea kwa kubahatisha huku nalia.

Ikatoka. Imegeuka, cheupe cheusi na cheusi cheupe, kama zitokavyo karatasi hizo. Mimi naonekana vizuri, mpaka mshono wa dera langu. Wewe umekaa wima, hukujikunja. Lakini uso wako umefifia, na mkono wa kulia haupo kabisa. Palipokuwa mkono pana kitu kama moshi, kimetanda kutoka begani kwako mpaka juu ya kichwa changu.

Niliiangalia muda mrefu sana kabla sijafahamu. Kipepeo chako cha mkono. Ulikuwa unanipepea, unanifukuzia mbu, usiku kucha, na ugonjwa wako ule. Nakumbuka asubuhi ile sikuwa na alama hata moja mwilini.

Na ulijua, Mama. Wewe ndiye uliyenifundisha. Ulijua kwamba ukitikisika utafutika, na picha yako ni hiyo moja tu.

Kama uliumwa, sijui bado, na hofu haijanitoka yote. Picha nitaihifadhi, haitaonwa na asiyestahiki kukuona. Kwaheri, Mama, Mungu akupe nuru huko uliko. Tangu uondoke sijalala usiku hata mmoja, nakaa macho nikisikiliza kama unaniita. Leo nitatandika mkeka palepale uani, na mbu wanile wapendavyo. Nitalala. Nakuahidi.

Mwanao,
Salma